Mwongozo Kamili wa Kuandika Maisha ya Majirani Waliofariki

Wengi wanaoanzisha kitabu cha kumbukumbu za marehemu wa kijiji au mtaa hukwama mahali pamoja. Kurasa tatu za mwanzo zinajaa, ya nne ina jina na tarehe mbili, ya tano haikuandikwa kabisa. Hata zile zilizojaa, ukizisoma mfululizo humtofautishi marehemu huyu na yule: wote walikuwa wacheshi, wachapakazi, wapenda watu, na kila mmoja ameacha pengo lisilozibika.

Kasoro ni mbili. Mwandishi huuliza sifa badala ya kuuliza mambo yaliyotendeka, na huuliza siku ambayo hakuna mwenye nafasi ya kujibu. Hatua zilizo hapa chini zinarekebisha yote mawili. Zimepangwa kwa jamii ya watu mia chache wanaofahamiana kwa majina, yenye mwandishi mmoja au wawili wanaojitolea. Kazi ikienda vizuri, kila marehemu atapata ukurasa mmoja hadi miwili, wenye habari zilizothibitishwa na kuridhiwa na familia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari gumu ambalo kurasa zake zimeshonwa kwa uzi. Zile za gundi huanza kuachia baada ya miaka michache ya kufunguliwa.
- Kalamu ya wino usiochujuka kwa maji, na penseli laini ya 2B kwa kuandika nyuma ya picha.
- Simu yenye kinasa sauti. Ikiwezekana rekodi kwa WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa. Saa moja ya chaneli mbili (48 kHz, biti 24) huchukua takriban GB 1, kwa hiyo hakikisha nafasi ipo.
- Skana, au kamera ya simu na mahali penye mwanga wa dirisha.
- Bahasha za karatasi isiyo na asidi za kuhifadhia picha halisi ambazo familia imekukabidhi.
- Diski mbili za nje. Moja haitoshi, na sababu itaonekana katika hatua ya 8.
- Fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja na fomu ya taarifa za msingi, zote zikiwa zimechapishwa.

Kompyuta inarahisisha kazi, lakini si lazima. Kitabu kilichoandikwa kwa mkono na kutunzwa vizuri huwafikia wajukuu kuliko faili ambalo hakuna ajuaye nywila yake.

## Hatua ya 1: Amueni nani anaingia kitabuni

Fanyeni hivi kabla hamjaandika jina hata moja. Kanuni ikitungwa baada ya msiba, kila uamuzi utaonekana kumlenga mtu fulani.

Kanuni iliyo rahisi kutetea ni hii: anaingia yeyote aliyefariki akiwa mkazi, na yeyote aliyewahi kuishi hapa miaka mitano au zaidi hata kama alihama. Cheo, mali na umaarufu visiwe kigezo. Watoto wachanga wanaingia iwapo wazazi wanataka, na kwao mistari minne inatosha.

Wekeni pia ukomo wa urefu, kwa mfano maneno 600 kwa kila mtu. Bila ukomo, mwenyekiti atapata kurasa sita na mlinzi wa shule mistari miwili. Kitabu cha namna hiyo hakiwi tena cha jamii nzima.

## Hatua ya 2: Nenda kwa wafiwa mara mbili

Mara ya kwanza nenda kama jirani, bila daftari. Katika siku za msiba kusanya tu vile ambavyo vitapotea wageni wakitawanyika: nakala ya ratiba ya mazishi, wasifu uliosomwa, na majina na namba za simu za waliosafiri kutoka mbali. Mwanafunzi mwenzake wa zamani au mtu aliyefanya naye kazi miaka ya ujana anaweza asirudi tena, na huyo ndiye anayejua sehemu ya maisha ambayo watoto hawakuiona.

Mara ya pili rudi baada ya wiki nne hadi nane. Ukiwahi, wafiwa bado wana uchovu na husema yale yanayopaswa kusemwa. Ukichelewa mwaka mzima, nyaraka zimegawanywa, nguo na zana zimetolewa, na simu ya marehemu yenye picha imefutwa akapewa mtu mwingine. Kama familia au dini yao ina siku maalumu za maombolezo, uliza zinaisha lini, kisha hesabu kuanzia hapo.

Katika safari hii ya pili, mpate mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema kwa niaba ya familia, na ajaze fomu ya ridhaa. Fomu itaje mambo manne: nini kitaandikwa, kitasomwa na nani (wanajamii tu au mtu yeyote mtandaoni), rekodi za sauti zitakaa wapi, na kwamba familia inaweza kuomba jambo liondolewe.

Angalizo: marehemu aliyekuwa na nyumba zaidi ya moja, au watoto wa mama tofauti, anahitaji ridhaa ya kila upande. Ukiwasikiliza wale waliokukaribisha kwanza peke yao, utakuwa umechukua upande bila kujua.

## Hatua ya 3: Jaza taarifa za msingi

Fomu hii ifupishwe hadi dakika ishirini. Iwe na majina yote aliyotumia, pamoja na lakabu na jina la utotoni, tarehe na mahali pa kuzaliwa, wazazi, mahali alipoishi na miaka yake, kazi zote, hata zile za muda, ndoa, watoto, tarehe na mahali alipofariki, na mahali alipozikwa.

Makosa yanayojirudia katika fomu hii ni yaleyale:

Tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1. Mara nyingi ni makadirio. Mtu alisajiliwa akiwa mkubwa, tarehe haikujulikana, karani akaweka siku ya kwanza ya mwaka. Usiinakili kana kwamba ni ya uhakika. Andika "takriban 1948", kisha tafuta tukio la kuipimia: alikuwa amefikia kimo gani wakati wa mafuriko yale, alianza shule pamoja na nani, mdogo wake anayejua tarehe yake alizaliwa marehemu akiwa na umri gani.

Umri uliohesabiwa kwa kutoa mwaka na mwaka. Aliyezaliwa Novemba 1948 na kufariki Machi 2024 alikuwa na miaka 75, si 76. Kosa dogo hili ndilo ambalo watoto wa marehemu hulisahihisha kwa hasira kuliko yote.

Majina yanayofanana. Katika jamii ndogo watatu wanaweza kuwa na jina moja na ubini mmoja. Ongeza jina la babu au mwaka wa kuzaliwa tangu siku ya kwanza, la sivyo baada ya miaka kumi hakuna atakayejua picha ni ya nani.

Orodha ya wafiwa yenye mapengo. Usiulize "ameacha watoto wangapi?" Uliza, "Nani asipotajwa ataumia?" Swali hilo huwaleta mtoto wa kulea, mke wa kwanza, mtoto aliyetangulia kufariki, na ndugu aliyegombana na wenzake. Kisha msomee msemaji wa familia orodha nzima, jina kwa jina, naye athibitishe tahajia.

Fomu imekamilika pale ambapo kila sehemu ina jibu, au ina neno "haijulikani" lililoandikwa kwa makusudi. Nafasi tupu haimwambii msomaji kama uliuliza ukakosa au ulisahau kuuliza.

## Hatua ya 4: Fanya mahojiano yanayozaa mambo

Hapa ndipo kurasa nyingi huharibika. Ukiuliza "Alikuwa mtu wa namna gani?", utajibiwa "Alikuwa mtu mwema." Hakuna ubaya wa kumjibu hivyo mtu aliyeuliza hivyo. Swali limeomba hukumu, likapata hukumu.

Hoji watu watatu wasiokaa nyumba moja: mmoja wa familia, mmoja wa kazini au kwenye shughuli zake, na mmoja jirani au rafiki wa rika lake. Familia inajua mapenzi yake, wa kazini anajua mikono yake, na rafiki anajua alichokuwa akikicheka. Hoji kila mmoja peke yake. Wakikaa pamoja, mkubwa ataongea na wengine wataitikia.

Zima mtandao wa simu ili isilie katikati. Iweke sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni mwa msemaji, juu ya kitambaa, kwa sababu meza tupu hubeba kila mgongano wa kikombe. Rekodi sekunde kumi, sikiliza, ndipo uanze. Taja tarehe, jina lako, jina la msemaji na jina la marehemu mwanzoni mwa rekodi. Faili likipoteza jina, sauti yenyewe itajitambulisha.

Kisha uliza maswali yanayotaka tendo, kitu au maneno:

1. Siku ya kawaida aliamka saa ngapi, na alifanya nini kwanza?
2. Kazi yake ilifanyikaje? Nieleze hatua kwa hatua kama mtu nisiyejua.
3. Watu walimfuata kwa shida gani?
4. Alikuwa na neno au msemo gani ambao mtu akiusema leo, wote mnamkumbuka yeye?
5. Alikaa wapi alipokuwa akipumzika, na alitazama wapi?
6. Ni kitu gani alikitunza ambacho hakuruhusu mtu mwingine akiguse?
7. Alibadilisha msimamo wake juu ya jambo gani?
8. Ni jambo gani alilianza na hakulimaliza?

Swali la pili lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana. Mtu aliyefua vyuma, aliyezalisha akina mama, aliyetengeneza redio au aliyelinda lango kwa miaka thelathini alikuwa na maarifa yasiyoandikwa popote. Ukiyapata kwa undani, umempata yeye, na mara nyingi umepata pia sehemu ya maisha ya jamii nzima.

Jibu likija la jumla, rudi na "Kama lini?" au "Nipe mfano mmoja." Halafu nyamaza. Hesabu hadi kumi moyoni kabla ya kuongeza neno. Habari nzuri huja baada ya ukimya, na mwandishi mwenye wasiwasi huuziba kwa swali jipya. Usimpe msemaji jibu mdomoni kwa kuuliza "Bila shaka alikuwa mkarimu?"

Msemaji akilia, usizime kinasa kwa haraka wala usimwambie anyamaze. Muulize kama angependa kupumzika. Akisema tuendelee, endelea. Akisema basi, zima na ubaki kumsindikiza kwa maongezi mengine. Kwa hali yoyote usivuke dakika 90. Baada ya hapo majibu hufupika na tarehe huanza kugongana.

Jipangie muda wa kunakili. Saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuandikwa neno kwa neno. Kama huna muda huo, sikiliza mara moja, andika dakika na jambo lililosemwa ("12:40, jinsi alivyonoa misumeno"), kisha nakili kwa ukamilifu sehemu utakazotumia tu.

Dalili ya kufanikiwa: una mambo matano au zaidi ambayo yasingeweza kusemwa juu ya marehemu mwingine yeyote katika kitabu hicho.

## Hatua ya 5: Nakili picha bila kuziharibu

Nakili picha palepale nyumbani kwa wenyewe na uwaachie. Picha zilizoazimwa hupotea, na aliyepoteza picha pekee ya marehemu hasahauliki upesi.

Skani kwa 600 dpi (nukta kwa kila inchi) kwa picha ndogo, 300 dpi kwa hati. Picha ya sentimita 10 kwa 15 kwa 600 dpi hutoa takriban pikseli 2,400 kwa 3,600, ambazo zinatosha kuichapa upya kwa ukubwa maradufu. Bila skana, ilaze picha karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima taa ya kamera, na ushike simu ikiwa sambamba kabisa na picha.

Picha iliyogandia kwenye albamu yenye kurasa za gundi usiivute. Pitisha uzi wa kusafishia meno polepole chini yake. Ikikataa, skani ukurasa mzima ukiwa hivyo hivyo.

Nyuma ya picha andika kwa penseli, pembeni, bila kukandamiza: majina kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, mwaka. Kalamu ya bolpeni hutokeza alama upande wa mbele. Klipu za chuma hushika kutu na utepe wa gundi hugeuka manjano. Vyote viwili viwe mbali.

## Hatua ya 6: Thibitisha kabla ya kuandika

Kila tarehe, cheo na jina la mahali kipate mashahidi wawili, mmoja wao akiwa karatasi kama ipo: cheti, kitabu cha mahudhurio, barua, maandishi ya kaburini. Karatasi nayo hukosea, hivyo zikipingana andika zote mbili: "Hati inasema 1951, dada yake anasema alizaliwa kabla ya hapo."

Madai ya "wa kwanza" yashughulikie kwa makini. Kila kijiji kina watu watatu walioleta baiskeli ya kwanza. Andika "miongoni mwa wa kwanza", isipokuwa una ushahidi.

Habari iliyosemwa na mtu mmoja tu inaweza kuingia iwapo imetajwa msemaji: "Kwa mujibu wa mwenzake wa kazini…" Habari inayomchafua mtu aliye hai haiingii, hata ikiwa na mashahidi kumi.

## Hatua ya 7: Andika

Usianze na "Marehemu alizaliwa mwaka…" Kila mtu alizaliwa. Anza na jambo ambalo wasomaji wanamjulia nalo, kisha umri na tarehe ya kifo, kisha rudi nyuma kwenye asili na upande nayo. Familia na mazishi viwe mwishoni.

Linganisha. Hivi ndivyo inavyoandikwa mara nyingi:

*"Alikuwa fundi hodari, mcheshi na mwenye kupenda watu wote. Daima tutamkumbuka kwa ukarimu wake."*

Na hivi ndivyo mahojiano mazuri yanavyokuruhusu kuandika:

*"Alitengeneza baiskeli chini ya mti uleule kwa miaka 26. Mtoto wa shule hakulipa pancha, ila alitakiwa kushika pampu mwenyewe na kuhesabu kwa sauti. Gurudumu likipinda aliligeuza mbele ya sikio lake kwanza, akidai waya uliolegea husikika kabla ya kuonekana."*

Hakuna neno la sifa katika mfano wa pili, na bado sifa zote zimo. Ukimaliza rasimu, zungushia kila kivumishi cha kusifu. Kwa kila kimoja, tafuta tendo la kukibadilisha; ukikosa, kifute.

Mambo magumu yanahitaji uamuzi wa mapema. Sababu ya kifo usiiandike isipokuwa familia imetaka, na kujiua kusielezwe kwa njia wala mahali. Marehemu aliyewaumiza watu usimgeuze mtakatifu, kwa sababu walioumia watakisoma kitabu na hawatakiamini tena. Andika alichofanya kinachothibitika, fupi, bila hukumu na bila mapambo. Ukurasa mfupi wa kweli una heshima zaidi.

Aliyefariki bila ndugu wanaojulikana apewe bidii ileile. Waulize mwenye nyumba aliyopanga, wa kazini, muuzaji aliyemwona kila asubuhi, na waliomzika. Mambo matatu ya hakika yanatosha kutoa ukurasa.

Kwa nakala itakayosomwa nje ya jamii, hasa mtandaoni, ondoa siku na mwezi wa kuzaliwa, namba za vitambulisho, ukoo wa mama na anwani ya nyumba. Matapeli hutumia taarifa za marehemu kufungua akaunti na kukopa. Mwaka wa kuzaliwa peke yake unatosha.

## Hatua ya 8: Isomee familia, kisha hifadhi

Soma rasimu kwa sauti mbele ya familia. Usiwatumie tu waisome wenyewe. Sikioni makosa ya majina na uhusiano hujitokeza upesi, na mzee asiyeona vizuri naye anashiriki. Waeleze tangu mwanzo kwamba wanasahihisha ukweli na wanaweza kuondoa jambo, lakini mtindo wa uandishi ni wa kitabu. Bila kauli hiyo, "daima tutamkumbuka kwa ukarimu wake" itarudi yote.

Kisha weka nakala tatu: ya karatasi katika kitabu, ya diski, na ya diski ya pili iliyoko nyumba nyingine kabisa. Moto, mafuriko na wezi huchukua nyumba moja kwa wakati mmoja. Yape mafaili majina yenye mpangilio mmoja, tarehe ya kifo ikianza, kama 2024-03-17, kisha ubini na jina. Yatajipanga yenyewe. Kwa nakala ya kuchapa, chagua printa ya leza. Wino wa printa nyingi za wino wa maji (inkjet) husambaa ukipata unyevu.

Kitabu kikae mahali pakavu, mbali na sakafu na ukuta wa nje, na watu wawili wajue kilipo na nywila za mafaili. Mara moja kwa mwaka fungua kila faili, si kuliangalia tu kwamba lipo, na sikiliza mwanzo wa kila rekodi. Diski iliyotumika miaka mitano ihamishiwe kwenye mpya hata kama bado inafanya kazi.

Baada ya kila wasifu acha ukurasa mmoja mtupu. Marekebisho yatakuja: binamu aliyekuwa ng'ambo, barua iliyookotwa sandukuni, mwaka uliokosewa. Usifute maandishi ya awali. Yakate kwa mstari mmoja yaendelee kusomeka, andika sahihisho kwenye ukurasa mtupu, na utie tarehe pamoja na jina la aliyelileta.